Kwa nini Bangladesh haiinui tu matuta yake?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu. Kwenye somo la maji tumefundishwa kwamba Bangladesh ilijenga matuta ya maelfu ya kilomita kuzuia bahari, tena tangu miaka ya 1960. Lakini kila mwaka kwenye taarifa ya habari tunaona watu wa huko wamesimama kwenye maji hadi kiunoni. Mimi naona dawa ni moja: wayainue matuta. Nchi iliyojenga daraja la Padma kwa fedha zake inashindwaje kuongeza mita mbili za udongo? Au ni rushwa tu?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako wahandisi wakubwa walijiuliza kabla hujazaliwa, na wengi wao walilijibu kama ulivyolijibu wewe. Ndiyo maana sitalimaliza kwa aya mbili.

Kwanza nikuweke sawa: wanayainua. Mwaka 2013 ulianzishwa mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 400 wa kuimarisha matuta ya pwani, na yale yanayotazamana na bahari yenyewe yanastahili kuinuliwa, kwa sababu hapo adui ni wimbi la kimbunga. Lakini maji unayoyaona kwenye televisheni, hasa yale ya kusini-magharibi, upande wa Khulna na Jessore, mara nyingi hayakupanda tuta. Ni maji ya mvua yaliyonyesha ndani ya tuta yakakosa pa kutokea. Yametuama hapo miezi, na mahali pengine miaka. Ukiinua tuta katika hali hiyo unainua ukingo wa beseni, na aliye ndani ya beseni hujamsaidia kitu.

Beseni hilo lilitokeaje? Hapo inabidi tuzungumze habari za tope.

Bangladesh karibu yote imejengwa na tope. Ganges, Brahmaputra na Meghna zinashusha takriban tani bilioni 1 za udongo kwa mwaka kutoka milima ya Himalaya na nyanda za chini yake. Ukitaka kuupakia kwenye malori ya tani kumi, ni safari milioni 100. Sehemu ya udongo huo inaingia baharini, kisha bahari inaurudisha: maji yakijaa, yanapanda mitoni yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanatandaa juu ya nchi, yanatulia kidogo, tope linatua, halafu maji yanapwa. Mara mbili kwa siku. Mimi nimekulia Pangani, na tulipokuwa watoto tulijua kwamba ukiacha alama ya mguu kwenye tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa, ukirudi kesho yake alama imeanza kujaa. Sasa fikiria hilo kwenye mito inayobeba tope mara nyingi kuliko Mto Pangani.

Jambo la pili: ardhi ya delta, yaani nchi iliyojengwa na tope la mto unapoingia baharini, inashuka. Udongo mpya unashindiliwa na uzito wake wenyewe, majani na mizizi iliyozikwa inaoza, na usawa unapungua mwaka hadi mwaka. Katika delta inayoachwa ifanye kazi yake hilo halisumbui, kwa sababu kinachoshuka kinafidiwa na tope jipya. Msitu wa mikoko wa Sundarbans, mkubwa kuliko yote duniani, umebaki karibu na usawa wa maji makubwa kwa njia hiyo hiyo. Hakuna aliyeuinua. Unalishwa kila bamvua, siku ambazo maji yanajaa kuliko kawaida.

Wakulima wa zamani wa pale walilijua hilo, wakajenga kulingana nalo. Walikuwa na matuta ya miezi minane. Kiangazi, mto unapokosa nguvu na chumvi inapanda, tuta la udongo linasimamishwa kuzuia maji ya chumvi. Masika yanapokuja na maji baridi yenye rutuba, tuta linaachiwa au linakatwa, maji na tope vinaingia shambani. Kibengali hadi leo kina maneno mawili mahali ambapo sisi tunasema mafuriko: borsha, maji ya msimu yanayotarajiwa na kushukuriwa, na bonna, maji yaliyopita kiasi. Mhandisi anayefika pale na neno moja tu atayapiga vita yote mawili.

Matuta hayo yalitaka mtu wa kuyasimamia, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwenye ardhi mkubwa, zamindari, aliyewaita wapangaji wake kila mwaka kuchimba. Mfumo wa uzamindari ukafutwa mwaka 1950, jambo la haki kabisa, lakini kazi ya matuta ikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1954, 1955 na 1956 yakaja mafuriko mabaya mfululizo. Nchi ilikuwa bado ni Pakistani ya Mashariki. Ukaja ujumbe wa Umoja wa Mataifa mwaka 1957, ikaundwa mamlaka ya maji na umeme mwaka 1959, na kuanzia 1961, kwa fedha za Marekani na fikra za Kiholanzi, pwani ikaanza kuzungushiwa matuta ya kudumu. Kila eneo lililozungushiwa likaitwa polda, neno la Waholanzi wenyewe. Zikafika polda 139, zenye karibu hekta milioni 1.2.

Nakuomba usiwacheke wale wahandisi. Miaka ya mwanzo mavuno yalipanda kweli. Chumvi ilizuiwa, mpunga ulisitawi, na familia zilizokuwa zikivuna mara moja kwa mwaka zilipata akiba. Kama ningekuwa nao mwaka 1965 ningepiga makofi.

Kisha yakatokea mambo mawili kwa pamoja, na haya nataka uyachore kwenye daftari lako. Ndani ya tuta, tope halikuingia tena, lakini ardhi iliendelea kushuka. Nje ya tuta, maji ya kujaa yaliyokuwa yakitandaa kwenye maelfu ya hekta yakabanwa kwenye mkondo wa mto peke yake. Kiasi cha maji kinachopanda na kushuka kikapungua, kwa hiyo na kasi ya kupwa ikapungua, na maji yenye kasi ndogo hayabebi tope. Likatua mtoni. Mto uliokuwa ukijifagia mara mbili kwa siku ukaanza kujaa. Miaka kama ishirini baadaye, sehemu nyingi za Khulna na Jessore, kitanda cha mto kilikuwa juu kuliko mashamba.

Sasa mlango wa maji uliowekwa kwenye tuta unafanya kazi gani? Milango mingi ya polda ni bamba la chuma lililoning'inizwa juu, upande wa mtoni. Maji ya nje yakijaa yanalisukuma lijifunge. Yakipwa, maji ya ndani yanalifungua na kutoka. Kifaa rahisi, hakihitaji umeme wala mlinzi. Lakini kinadai jambo moja: wakati wa kupwa, mto uwe chini kuliko shamba. Mto ukishajaa tope, bamba linazikwa hadi katikati, halifunguki tena. Pale Bhabadaha, Jessore, kuna mlango mkubwa wa matundu 21 uliojengwa miaka ya 1960. Nje yake mto umejaa tope na inabidi mfereji uchimbwe kwa mashine, kisha maji yanapojaa yanaurudishia tope. Ndani yake vijiji vingi hukaa na maji uani, watu wakiinua vitanda juu ya matofali na kupita kwa madaraja ya mianzi kutoka jikoni hadi barabarani. Na tuta liko pale pale, zima, halijavunjika.

Ushahidi mkubwa wa haya yote uliletwa na balaa. Tarehe 25 Mei 2009 kimbunga Aila kiliivunja Polda 32, eneo la Dacope, Khulna. Matundu yalichelewa kuzibwa, na kwa takriban miaka miwili bahari iliingia na kutoka kila siku, maelfu ya watu wakiishi kwenye vibanda juu ya tuta, sehemu pekee iliyobaki kavu. Watafiti walipopima, walikuta ardhi ndani ya polda iko chini ya usawa wa msitu jirani wa Sundarbans kwa mita 1 hadi 1.5. Kumbuka, vilianza sawa miaka ya 1960. Na walikuta pia kwamba pale maji yalipoingia, tope lililotua ndani ya muda huo mfupi lilikuwa na unene wa zaidi ya sentimita 30.

Usiniamini, piga hesabu. Chukua mfano wa maji yenye kilo moja ya tope kwa kila mita ya ujazo. Yakiingia shambani kwa kina cha nusu mita na tope lote likatua, kila mita ya mraba inapata nusu kilo. Kwa mwaka maji yanajaa mara 705 hivi. Hiyo ni karibu kilo 350. Tope lililokauka ukilihesabia tani moja kwa mita ya ujazo, unapata sentimita 35 kwa mwaka. Kwa uhalisia si lote linalotua, lingine linarudi na maji, kwa hiyo nusu ya hapo ni ya kuaminika. Mita ile iliyopotea kwa miaka hamsini inaweza kurudi ndani ya miaka michache tu, bila lori hata moja.

Wakulima hawakusubiri watafiti. Huko Khulna kuna bonde liitwalo Beel Dakatia, beel maana yake bonde la kina kifupi kama sahani, na lilikuwa limezama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya maombi yasiyojibiwa, Septemba 1990 watu walikusanyika na majembe wakalikata tuta la serikali. Kwa sheria lilikuwa kosa. Tarehe 29 Oktoba 1997 wenzao wa Beel Bhaina, Jessore, wakafanya hivyo hivyo, na lao likaachwa wazi kama miaka minne. Ardhi ya bonde ikapanda, karibu na tundu zaidi ya mita nzima, na mto Hari, uliokuwa umekufa, ukajichimba wenyewe kwa sababu umerudishiwa nguvu ya kujaa na kupwa. Wakati huo huo serikali ilikuwa na mradi mkubwa wa mifereji uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Asia, uliopangwa kujenga milango mipya mikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi huo ukalazimika kukubali njia ya wanakijiji. Wataalamu wakaipa jina refu la usimamizi wa mto kwa maji ya kujaa na kupwa. Wenyeji wana neno lao, jowar-bhata, ambalo maana yake ni kujaa na kupwa, basi.

Utauliza: kama wanajua dawa, wanangoja nini? Hapa ndipo uhandisi unapokwisha na kazi ngumu inapoanza. Kuinua bonde moja kwa tope, bonde hilo lazima lifunguliwe miaka mitatu, minne au zaidi. Miaka yote hiyo hakuna mpunga. Mto mzima unafaidika, vijiji vya juu vinakauka, lakini gharama inabebwa na wenye mashamba ya bonde lililopewa zamu. Tena tope halitui sawasawa: karibu na tundu linarundikana, mwisho wa bonde linafika kidogo, na wa mwishoni ndiyo kawaida maskini zaidi. Fidia iliahidiwa, kisha watu wakatakiwa walete karatasi za umiliki ambazo wengi hawakuwa nazo. Anayelima shamba la mwenzake kwa kugawana mavuno hakuhesabiwa kabisa. Zamu ilipofika Beel Kapalia mwaka 2012, watu walikataa, vurugu zikazuka, kazi ikasimama. Mimi siwalaumu. Walikuwa wameona majirani zao walivyolipwa.

Yupo pia mfugaji wa kamba. Tangu miaka ya 1980 kamba wa kuuza nje wamekuwa biashara kubwa, na kamba anataka maji ya chumvi. Matuta yaliyojengwa kuzuia chumvi yakatobolewa, mabomba yakapitishwa chini yake, chumvi ikaingizwa makusudi kwenye ardhi ya mpunga, na kila bomba ni udhaifu ambao kimbunga kitautafuta. Polda 22 ilikataa. Tarehe 7 Novemba 1990 mwanamke mmoja wa pale, Karunamoyee Sardar, aliongoza maandamano dhidi ya watu waliotaka kuleta kamba, akauawa. Wenzake wanamkumbuka kila mwaka, na polda yao ilibaki ya mpunga na mbogamboga. Kwenye mchoro wa chuo mlango wa maji hauna mwenyewe. Pale swali la kwanza ni nani anashika ufunguo wake.

Kuhusu rushwa. Ipo, na kwenye kazi za udongo ni rahisi kuificha: tuta lililopunguzwa nusu mita halionekani mpaka siku ya kimbunga. Lakini polda iliyojengwa kwa uaminifu kabisa nayo ingezama, kwa sababu ya tope. Usikubali jibu la rushwa likufunge mdomo mapema.

Na daraja la Padma umelitaja vizuri, maana linafundisha kinyume cha ulichofikiria. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012 na mkopo wake wa dola bilioni 1.2 kwa tuhuma za njama ya rushwa; mwaka 2017 mahakama ya Canada ikawaachia washtakiwa wa kesi iliyotokana na tuhuma hizo. Bangladesh ikajenga kwa hazina yake, na daraja la kilomita 6.15, magari juu na reli chini, likafunguliwa tarehe 25 Juni 2022. Wilaya 21 za kusini-magharibi zilizokuwa zikitegemea vivuko na foleni za saa nyingi sasa zimeungana na Dhaka. Ni fahari ya kweli. Lakini tazama lilivyojengwa. Mto ule unachimba kitanda chake kwa makumi ya mita wakati wa masika, kwa hiyo nguzo za chuma zenye kipenyo cha mita 3 zilipigiliwa hadi takriban mita 120 chini, na kazi ya kuulea mto kwenye kingo zake ilikuwa sehemu kubwa ya mradi. Daraja halikuuambia mto usimame. Liliuachia maji na tope vipite chini yake. Matuta ya 1961 yaliuambia mto usimame.

Nisije nikakuacha na picha ya nchi iliyoshindwa. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Cha Aprili 1991 karibu 140,000. Sidr, Novemba 2007, zaidi ya 3,000. Amphan, Mei 2020, waliokufa Bangladesh hawakufika mia. Sijui nchi nyingine maskini iliyopunguza vifo kiasi hicho kwa jambo la aina hii. Matuta yamechangia, lakini kazi kubwa imefanywa na utabiri, na majengo ya kujihifadhi yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo siku za kawaida ni shule. Na imefanywa na wanakijiji wa kujitolea zaidi ya 70,000, karibu nusu wanawake, wanaopandisha bendera moja, mbili, kisha tatu kadiri hatari inavyokaribia, na kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti vya mkononi. Mpango huo ulianza mara baada ya uhuru na ungali hai. Nauheshimu kuliko daraja.

Kuna mengine yanayouma: maji ya Ganges yanayopungua kiangazi tangu India ilipofungua bwawa la Farakka mwaka 1975, na bahari inayopanda. Yote yanaongeza chumvi, na yote yanafanya tope liwe la thamani zaidi. Mpango wa Delta wa 2100, uliopitishwa mwaka 2018, unayataja haya, na njia ya jowar-bhata imo. Kuandikwa kwenye mpango ni jambo moja.

Utaniuliza: basi wewe ungeanzia wapi? Mimi ningeanza na ramani ya zamu: mabonde yote ya mto mmoja, lipi lifunguliwe lini na kwa miaka mingapi, na ijulikane miaka kumi kabla. Kisha malipo ya kila msimu, yatolewe kabla tuta halijakatwa, na anayelima bila kumiliki alipwe naye. Halafu ningekwenda kukaa na familia za zamu ya kwanza. Nitakuta shamba la nusu ekari ambalo hati yake imeandikwa jina la babu aliyefariki. Watoto wake ni sita, wawili wako Dhaka viwandani, mmoja yuko nchi za Ghuba, Uarabuni, na anayelilima ni binti wa nne ambaye jina lake haliko popote. Huyo ndiye anayetakiwa akubali maji yaingie.